Wali wa Mposaji

Nimepika harusi za watu Mombasa miaka thelathini na zaidi, na katika miaka hiyo sikupata kukaa kitako nikaletewa sahani. Mpishi hula mwisho, kasimama, ukoko uliobaki chini ya sufuria. Basi mwaka huu, nilipomaliza umra yangu nikateremka Jeddah kwa binti yangu, nilikula mikahawani siku nane mfululizo, asubuhi na mchana, na asije mtu kuniambia ni ulafi. Nilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Binti yangu, ambaye anatunza watoto katika shule moja hapo Jeddah, alikuwa ameposwa. Mwanamume ni wa kwetu pwani, mpishi wa mandi, wali wao wa nyama, huko Riyadh, na walijuana kwenye harusi ya Waswahili wenzao. Shangazi yake huyo bwana alikuja kwangu Mombasa kabla sijasafiri, akaleta posa kwa adabu zote, nikamwambia jibu atalipata nikirudi. Kwetu mposaji huuliziwa. Unakwenda kwa majirani zake, unakwenda msikitini anakosali, unamuuliza hata muuza maziwa. Huyu majirani zake wako Riyadh, na Kiarabu changu mimi ni cha kwenye msala tu.

Binti aliniambia nikubali tu, mtu mwenyewe mpole, anasema vizuri. Nikamwambia hata mumeo wa kwanza alisema vizuri.

Yule wa kwanza kila nililomwambia aliitika ndiyo mama. Mpeleke mkeo hospitali, ndiyo mama. Hakumpeleka. Siku aliyoondoka nilimwambia asichelewe kurudi, akaniitikia ndiyo mama kwa sauti tamu kabisa, na huu ni mwaka wa sita; talaka tulikwenda kuidai kwa kadhi. Binti yangu alilia mpaka akaota uzee usoni akiwa bado msichana. Sikuwa tayari kuyaona tena.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nilitolewa nikapewa mwiko. Lakini chakula najua kukiuliza kikanijibu. Nikaamua nitakwenda Riyadh, nikale anapopika, na yeye asijue mimi ni nani. Ila huwezi kumpima mtu kwa pishi usilolijua. Kwanza ilibidi nijue watu wa nchi ile wanakula nini, na kizuri chao kikoje.

Na jamani, nilijua! Asubuhi ya kwanza binti alinipeleka penye ful, maharage yaliyolala motoni mpaka yakalainika kama uji, yakatiwa mafuta na bizari, na mkate wao wa tamis. Mkate ule mpana kuliko meza. Mwokaji anaubandika kwenye ukuta wa tanuri kwa mto wa kitambaa, anauchomoa kwa vyuma viwili, anakutupia ungali wa moto. Nilikula nikasahau kuzungumza, na mimi kuzungumza sisahau.

Siku ya pili tulikwenda kwa wauza samaki. Unasimama mbele ya barafu, unanyoosha kidole, huyu na huyu, wanakukaangia. Nilimkataa samaki changu mmoja kwa sababu macho yamezama, yule kijana muuzaji akanitazama, akacheka, akaniingiza nyuma nikachague mwenyewe. Wali wao wa samaki ni wa kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka kukaribia kuungua. Vikaribie tu, visiungue. Hapo ndipo penye ufundi, na wale watu wanao.

Karantina, kule kusini mwa Jeddah wanakokaa Waafrika wengi, binti hakutaka kunipeleka. Alisema mtaa mchafu. Nikamwambia mimi nimepikia uani mwa watu, kuku wakinipita miguuni. Tukaenda. Mama mmoja wa Chadi ana chumba chenye mikeka mitatu na sufuria moja, nyama ya njugu zilizosagwa, nzito, inashika ulimi. Nilimuuliza kwa mikono njugu alizikaanga kwanza au la. Akanionyesha kikaango. Tulishikana mikono kama ndugu. Pale nilirudi mara mbili.

Mkahawa mmoja mkubwa, wa vioo na taa, sikuupenda hata kidogo. Kuku mkavu, wahudumu wanakuuliza kila dakika kama umefurahi. Mwenye chakula kizuri haulizi.

Siku ya tisa tukapanda basi la alfajiri kwenda Riyadh. Jangwa kutwa nzima, na njiani nikampangia binti yangu mambo yatakavyokuwa. Yeye atavaa nikabu, na hatafungua kinywa, maana yule bwana sauti yake anaijua. Mimi nitaagiza mandi. Nitaonja. Kisha, iwe chumvi imetosha au haikutosha, nitalalamika kwamba chumvi hakuna, na nitamwita mpishi.

"Akisema ndiyo mama, ngoja niongeze," nilimwambia, "jibu ni hapana. Akinifokea, jibu ni hapana."

"Sasa mama, aseme nini ndiyo umkubali?"

"Hilo nitalijua nikilisikia."

Akageukia dirishani. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, kwamba hatanibishia. Nikisema hapana, ataachana naye. Lakini niwe mwadilifu. Neno hilo lilinikaa shingoni mpaka tukafika.

Mkahawa wenyewe uko Al-Dirah, mji wa kale, karibu na soko la mabuibui na udi. Tulifika usiku, tukaenda kesho yake mchana kweupe, umejaa madereva na vibarua upande wa mbele, na upande wa familia kuna vyumba vidogo vya pazia. Tukapewa kimoja. Hakuna kiti, unavua viatu, unakaa kwenye zulia, wanakutandikia karatasi ya plastiki, na sinia linaletwa katikati. Kula sinia moja kwa mkono, hapo sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Mandi huiva ndani ya shimo. Nyama inaning'inizwa juu, wali unakaa chini, mafuta yanadondokea wali, wanafunika kwa saa nyingi na moshi wote unabaki mle mle. Nilikwisha kula mandi mbili Jeddah, kwa hiyo nilijua ninachokitafuta. Nikaukata wali kwa vidole. Punje imesimama peke yake, ndefu, haijavunjika. Nyama nikaigusa, ikauacha mfupa. Nikatia mdomoni.

Mungu anisamehe, nilitamani kumwimbia. Chumvi imekaa pake, moshi umekaa pake, na nyuma kabisa kuna iliki kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa staha. Miaka thelathini nimetafuta wali wa namna ile. Binti alikuwa ananitazama kwa matundu mawili ya nikabu, macho yametoka.

Nikameza. Nikamwita mhudumu, nikapiga sinia kwa kidole, nikamwambia, "Milh mafi." Chumvi hakuna. Yule mhudumu, Mbangladeshi, akaonja kwa macho tu, akashangaa, akaenda.

Kikapita kitambo. Kisha chini ya pazia nikaona miguu. Makubazi ya ngozi, yamepigwa maji yakang'aa, kucha zimekatwa. Mpishi mwenye miguu misafi katika zamu ya mchana ni adimu. Haikuingia ile miguu. Ilisimama nje ya pazia ikiwa imefungana. Akaanza kwa Kiarabu, nikamkata kwa Kiswahili changu cha Mombasa, kwamba wali wake hauna chumvi na mimi ni mtu mzima, sikutoka nilikotoka kuja kula wali wa mgonjwa.

Kisha akasema shikamoo. Nikamwitikia marahaba.

"Mama, chumvi imetosha," akasema.

"Mimi ndiye ninayekula, nakwambia haikutosha."

"Nimeonja kabla sijapakua, na nimeonja tena sasa hivi ulipolalamika. Imetosha."

Sauti haikupanda wala haikushuka. Binti aliuma ncha ya buibui. Nikamkazia, nikamuuliza kwenu mtu mzima hujibiwa hivyo? Nikamwambia aende akaongeze chumvi kwenye sufuria, nami nitamsubiri hapa.

Mkono ukaingia chini ya pazia. Mkono tu, una alama ya kuungua kwenye kifundo, umeshika kibakuli kidogo cha chumvi. Ukakiweka juu ya plastiki taratibu.

"Ya kwako ongeza, mama, upendavyo, na ikizidi nitakuletea sinia jingine," akasema. "Sufuria siigusi. Kuna watu wengi wanaokula humo, nao hawakukosea."

Nilimtazama binti yangu, naye machozi yanalowesha ile nikabu, hajui kama amepata au amekosa, kwa sababu mimi uso wangu hausomeki na sijapata kuusomesha. Nikakisogeza kile kibakuli pembeni.

"Wewe," nikamwita. "Mpigie shangazi yako simu leo. Mwambie aje kwangu Mombasa Jumapili, nikisharudi, achukue jibu. Na asije mikono mitupu, maana mara ya kwanza alikunywa chai yangu tu."

Miguu haikutikisika.

"Jibu gani, mama?" akauliza, na sasa ndipo sauti ilipomtetemeka.

"La kumfanya mtu achukue teksi mpaka kwangu na kurudi akiimba. Nenda kapike, watu wanakungoja."

Binti yangu akacheka. Alikuwa amekatazwa kufungua kinywa, akacheka kwa nguvu, na yule bwana nje akalitaja jina lake mara moja, polepole, kama mtu anayeuliza kama ni kweli. Nikamwambia binti asijibu, wakati wa kuitikana utafika. Mara hii hakunitii.

Nikawaacha wanong'one, pazia likiwa katikati yao. Wali ulikuwa unapoa, na mimi nilikuwa bado sijafika upande wa mbavu.