Walioachilia Kamba

Kuna hadithi inayopendwa sana huku kwetu upande wa Kachibora. Ikisimuliwa, watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Ati akina mama wa Tongaren walianguka chali wote wanane, miguu juu, magauni vichwani, mbele ya wageni wa heshima, kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale mwaka wa elfu mbili na tatu. Nimeisikia kwenye harusi mbili, na hata matangani nimeisikia. Sijawahi kuisikia ikifika mwisho. Mwisho wake ni mimi nimelala kifudifudi kwenye nyasi, na kifua changu kimepasuka.

Jina langu ni Namalwa, lakini shambani tulikoishi hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa Mama Jelimo, kwa jina la binti yangu. Mume wangu Kimeli aliendesha trekta kwenye shamba hilo la mahindi, nami nilikuwa kibarua: kupalilia, kuvuna, kupukuchua, kubeba magunia. Nilizaliwa Bungoma, sikupelekwa shule hata siku moja, na nilipofika miaka arobaini na mitatu kitu kimoja tu kilikuwa changu ambacho sikupewa na mwanamume. Nilikuwa mtu wa mwisho kwenye kamba.

Asiyejua mchezo wa kuvuta kamba hudhani ni nguvu za mikono. Si hivyo. Wanane mnalala nyuma, visigino vimezama ardhini, mnavuta kwa miguu na mgongo. Na yule wa mwisho, ambaye huitwa anka, haishiki kamba tu. Anaivaa. Inapita chini ya kwapa la kulia, inavuka mgongo, inatokea juu ya bega la kushoto. Saba walio mbele yake wakichoka wanaweza kufungua mikono. Yeye hawezi. Amefungwa na timu yake kama ng'ombe na plau, na anachoona ni migongo yao peke yake.

Miaka sita niliivaa kamba hiyo. Ndung'u, nyapara wa shamba aliyekuwa pia mwalimu wa timu, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mama ni kisiki. Mnaweza kumzika lakini hamumng'oi." Maneno hayo niliyapenda kuliko ninavyotaka kukubali.

Siku ya maonyesho tulishinda timu mbili, tukakutana na Tongaren kwenye fainali. Walikuwa wazuri, sikatai. Duru ya kwanza walituvuta. Ya pili tukawavuta. Ya tatu tukakaa hapo, kamba imekaza, hakuna anayekwenda mbele wala nyuma, mpaka nikaanza kuona migongo ya mbele ikitetemeka. Tulikuwa tunashindwa. Kushindwa ni kushindwa, mtu anashindwa akaenda nyumbani akala.

Lakini shambani kwetu, siku ya kumaliza kuvuna, wanawake huvutana na wanaume kwa mzaha, na mzaha wenyewe ni huu: mkiona mnazidiwa, mnaachilia kamba ghafla, wale wengine wanaanguka, mnawacheka. Siku hiyo ya mavuno hakuna anka. Hakuna aliyeivaa. Nahodha wetu Viola, msichana wa miaka ishirini na minane, aliona mzaha huo utafaa uwanjani. Walikubaliana asubuhi wakinywa chai, wote saba. Mimi nilikuwa nyuma ya lori nikijifunga leso za kuzuia kamba isinichubue. Hawakuniambia, kwa sababu walijua ningekataa.

Viola akapiga kelele, "Wachia!"

Mikono kumi na minne ikafunguka. Watu wanane wa Tongaren wakaanguka nyuma na uzito wao wote, na upande wa pili wa uzito huo nilikuwa mimi peke yangu. Nilisikia kitu kikipasuka ndani ya kifua, upande wa kulia, kama kitambaa kipya kinapochanwa na fundi. Nikaburutwa juu ya nyasi mpaka karibu na mstari. Kicheko cha uwanja nilikisikia kabla ya maumivu.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Jerono, aliyevuta mbele yangu, nambari saba, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Alikuwa bado anacheka. "Inuka, Mama Jelimo, unatuaibisha bana."

Ndung'u naye akaja. "Si ungewachia na wewe?"

"Ningewachia nini na nimeivaa?"

"Kiburi tu," akasema. "Wenzako wote waliwachia."

Neno hilo ndilo walilochukua wakaenda nalo. Kiburi. Kabla lori halijafika Kachibora, hadithi ilikuwa imekamilika: wenzake walicheza akili, yeye mjinga akang'ang'ania kamba.

Siku ya pili titi lilikuwa jeusi, na weusi ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Mkono sikuweza kuuleta mbele hata kufunga kifungo. Kwenye mfereji wa maji wanawake wakanichungulia. "Ai! Kimeli amekupiga na nini, na vile ni mpole?" Na wale walioachilia kamba walikuwa hapo hapo na ndoo zao, wakisikia mume wangu akisingiziwa, wasifungue mdomo.

Mama mkwe akaleta mkandaji kutoka mlimani na samli na chumvi ya moto kwenye kitambaa. Aliniketisha juu ya gunia, akaweka goti lake mgongoni kwangu, akanikanda kama mtu anayekanda unga wa chapati. Huku kwetu kila kinachouma kinakandwa. Nilipiga kelele, akasema kelele ndiyo dawa inaingia. Alipomaliza kifua kilikuwa kimevimba mara mbili.

Kimeli alinitazama wiki nzima. Kisha akasema, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, "Nenda kwa dada yako upone. Hapa shamba linataka mikono." Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na nilirudishwa Bungoma na furushi moja, kama jembe lililokatika mpini.

Dada yangu alikuwa mfagiaji kwenye hospitali moja hapo mjini, na alinifikisha kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mdogo wa umbo aliyeitwa Sabiha, mtu wa pale karibu na msikiti. Alinigusa kwapani, akaniambia nisukume kiganja chake, nikashindwa. Akafunua kifua, uso ukabadilika.

"Nani alikukanda?"

Nikamwambia.

"Mama, ukikatwa na panga mguuni, unakikanda kidonda?"

"La."

"Basi hiki nacho ni kidonda, tofauti ni kwamba kiko ndani. Nyama ya kifua imechanika hapa inaposhikana na mfupa wa mkono. Haikukatika yote, ndiyo bahati yako. Ingekatika yote ningekupeleka kwa wa kushona."

Nikamwuliza, "Nitavuta kamba tena?"

Aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kama nitaota mabawa. Alikuwa akitarajia niulize kuhusu jembe. "Kwanza utafunga kifungo," akasema.

Wiki nne mkono ulikaa kifuani umefungwa na leso, siruhusiwi kuinua hata mwiko wa ugali. Dada aliniosha na kunivika. Baadaye Sabiha alinipa karatasi ya mazoezi. Alipoona naishika juu chini, aliichukua akachora watu wadogo wa vijiti: huyu anapanda ukuta kwa vidole, huyu anasukuma ukuta, huyu anavuta mpira. Nikamwelewa kila mmoja.

Ukuta wa jikoni kwa dada ulijaa alama zangu za makaa. Kila siku vidole vinapanda mpaka pale maumivu yanaposema basi, naweka alama. Kuna wiki alama zilikaa mahali pamoja, na nilimtukana Viola, na mama yake Viola, na chai waliyokunywa asubuhi ile. Kisha zikapanda tena. Mwezi wa tatu nikaanza kusukuma ukuta. Mwezi wa nne nikafunga tyubu ya baiskeli kwenye mparachichi na kuivuta kwa mkono wa kulia, kutoka kando mpaka mbele ya kifua.

Sabiha alinikuta nikifanya hivyo kliniki kwake, na tyubu yake. "Polepole! Unamkasirikia nani hapo?"

"Watu saba."

"Basi vuta mara saba, upumzike. Wewe unavuta kama wako sabini."

Nilicheka, na kifua hakikuuma. Ndiyo mara ya kwanza.

Jelimo alikuja kunitembelea mwezi wa tano akaleta habari. Viola ndiye anka sasa. Na kwenye harusi ya mtoto wa mwenye duka, kijana mmoja wa kuchekesha watu aliiga nilivyoburutwa, na watu walimtuza.

Dada akasikia akanirukia. "Uachane na hiyo kamba! Umri huu, si upumzike?"

"Nikiachana nayo, hadithi yao ndiyo itakuwa kweli. Mjinga aliumia akanyamaza."

"Na ukiumia tena?"

"Nitaumia nikiwa mahali pangu."

Mwezi wa sita Sabiha alinipa kiganja chake nikakisukuma, na kiti chake kikarudi nyuma. "Msuli umepona," akasema. "Hasira sina dawa yake."

Nikarudi shambani. Kimeli alinipokea vizuri, kwa kuwa sasa mikono yangu ya kazi ilikuwa miwili. Sikumwuliza kitu. Jioni ya kwanza nilikwenda nyuma ya ghala ambako timu hufanya mazoezi: drumu limejazwa mawe, limefungwa kamba inayopita juu ya tawi la mkaratusi, na wanane wanalivuta mpaka liinuke na kulishikilia.

"Mama Jelimo!" Ndung'u akapaza sauti. "Umerudi? Basi tumepata wa kutupikia chai."

Wakacheka. Nikasema, "Chai mtapika wenyewe. Nimerudi mahali pangu."

"Mahali pako pana mtu."

"Namwona."

Nikageuza kreti nikakaa. Nilikaa hapo siku kumi, kila jioni, nikitazama. Hakuna aliyenisalimu zaidi ya "sasa". Walidhani nimekuja kununa. Nilikuwa natazama kazi, na siku ya nne nikaona kitu ambacho nilikiangalia mpaka siku ya kumi ili nihakikishe. Drumu lilipanda kidogo, likashuka. Likapanda, likashuka. Timu ilikuwa na nguvu, lakini haikuwa na mtu wa mwisho. Viola, aliyekuwa amesimama mahali pa anka, alishika kamba kwa mikono miwili kama wale wengine. Mkia wa kamba aliuacha chini kwenye vumbi. Hata siku moja hakuivaa.

Siku ya kumi nikasimama. "Ndung'u, kwa nini anka wako hajavaa kamba?"

"Inamchubua."

"Nina leso." Nikavua leso yangu kiunoni nikamtupia Viola. "Jifunge. Vaa kamba."

Viola akaishika leso. Hakujifunga. "Si lazima," akasema.

"Ni lazima, unajua ni lazima. Uwanjani ndivyo mtu wa mwisho anavyosimama. Vaa."

"Nitavaa siku ya mashindano."

"Vaa leo. Ni drumu tu, halina watu wa Tongaren." Nilikuwa nimefika mbele yake. "Unaogopa nini? Hawa si wenzako? Si uliwafundisha wewe mwenyewe?"

Wale wengine sita hawakugeuka. Viola aliitazama migongo ile, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu ng'ombe wasio wake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na wakiwachia?"

Ndung'u alitazama viatu vyake, na mimi nilimwacha avitazame. Miezi saba huyu mtu alikuwa akisema ni kiburi kutoachilia kamba niliyoivaa.

"Sema tena," nikamwambia Viola. "Sema wasikie hata walio ghalani."

Aliniwekea leso mkononi, akatembea mpaka mbele ya kamba, akasimama mahali pake pa zamani. Ndung'u akakohoa, akasema, "Haya, akina mama, tujaribu." Sikuambiwa nirudi. Sikuombwa. Mahali palikuwa pameachwa wazi, basi.

Nilijifunga leso. Kamba nikaipitisha chini ya kwapa, lile lile, nikaivusha mgongo, nikaitoa juu ya bega. Nataka niseme ukweli: niliogopa. Msuli ulikuwa mzima, nilikuwa na alama za makaa za kuthibitisha, lakini ngozi ina kumbukumbu yake, nayo ilikuwa inaniambia nikimbie. Mbele yangu kulikuwa na migongo saba ile ile. Hakuna aliyebadilishwa.

"Kaza!" Ndung'u akasema.

Tukakaza. Drumu likaondoka ardhini. Nikazamisha visigino, nikalala nyuma, na uzito ukanifikia, ukapita kifuani, pale palipochanika, pakavutika, pakauma kidogo, pakashika. Drumu likapanda mpaka likagonga tawi. Likakaa huko juu.

Jerono, mgongo wake hatua moja kutoka usoni kwangu, akasema bila kugeuka, "Mama Jelimo. Ile siku. Pole."

Nilikuwa nimeingoja pole hiyo tangu Novemba. Niliingoja kwenye nyasi, niliingoja mfereji wa maji, niliingoja Bungoma nikivishwa nguo na dada yangu kama mtoto. Sasa imekuja kwa mgongo, kutoka kwa mtu ambaye hata shingo hakuigeuza, wakati ambao nisingeweza kuipokea wala kuikataa kwa sababu nimevaa uzito wao wote.

"Vuta," nikamwambia.