Sura ya Papa Ukutani

Mimi nachora kwa kutazama watu. Kubuni sura siwezi, na sioni haya kusema. Basi padiri wetu wa Simi-Simi aliponipa ukuta wa kanisa nichore wafiadini wakikatwa kwa panga, niliwaomba wanaparokia waje wakae mbele yangu. Walikuja wengi, wameoga, wamejipaka mafuta, kila mmoja akitaka kufa kitakatifu. Lakini wa kuwa muuaji? Hakuna. Kwetu wanasema ukiazimisha uso wako kwa ubaya, ubaya unakufuata nyumbani.

Siku ya tatu nilikasirika, nikatupa brashi. Papa, baba yangu mvuvi, akaacha nyavu zake, akashika panga, akasimama mbele yangu. “Bon, chora. Bila muuaji batu batazani hawa bamekufa na malaria.”

Papa yangu huyo! Hata kuku wa Noeli alichinjiwa na jirani, yeye hakuweza. Tulicheka sana. Nikamchora vizuri kuliko wote, ole wangu.

Mwaka uliofuata homa ilimshika papa, siku ya nne akafa. Mto nao ukafurika, ukaingia nyumbani, ukaharibu picha zetu zote za karatasi. Uso wa papa ukabaki pale kanisani tu.

Kisha watoto wa katekisimu wakaanza kumkwaruza muuaji macho kwa msumari. Wema hauozi, wanasema. Haya, waje waone. Padiri akaniambia nimfute, nichore mwingine aliyegeuza mgongo.

Nilipofika na ndoo ya chokaa, nilimkuta mama ameketi chini ya ukuta. Nikaweka ndoo chini.

“Mutoto yangu, usimufute,” akasema. “Umurudishie macho tu. Hata na panga, iko yeye.”

Nilimrudishia macho. Padiri aliona, akaondoa ndoo ya chokaa.

Jumapili, kabla ya misa, mama akaweka mkono juu ya mguu wa papa ukutani. Kasichana kamoja ka katekisimu kakamuuliza, “Mama, huogopi muuaji?”

“Iko bwana yangu,” mama akajibu, kwa upole kabisa.

Kasichana kakarudi nyuma, kakakimbilia mama yake, kakamnong'oneza. Yule mama alimtazama mama yangu, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akahama benchi.

Benchi lile hukaa watu sita. Siku hizi mama anakaa peke yake, chini ya papa.