Hereby Kwenye Barua ya Posa

Jamani, naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye anaongeza chumvi, na aibu niliyoipata Nanyamba haihitaji chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, naishi Likombe, na rafiki yangu Shaibu aliponiomba niwe mshenga wake kule Nanyamba, kwa akina Somoe, binti aliyetaka kumuoa, nilifurahi kuliko yeye mwenyewe. Barua ya posa niliandika mimi, Kiswahili safi, halafu (sijui shetani gani alinipitia) nikaona haina uzito, nikachomeka neno moja: "Mimi Shaibu hereby naleta posa."

Tukafika, tukakaribishwa mkekani, barua ikasomwa, na mjomba wake Somoe, Mzee Mfaume, ambaye kwao ndiye mwenye kauli, akakwama hapo hapo. "Mwalimu, hiki nini?"

Sasa mtu akiniuliza neno, mimi huwa sishikiki. Nikamwambia ni maneno mawili ya kale ya Waingereza yaliyounganishwa, moja "hapa" na jingine "kwa", yaani kwa tamko hili hili, ndiyo maana wakubwa wanalipenda kwenye barua za uteuzi na mahakamani, kwa sababu ukishalitamka jambo limekwisha, hakuna kusubiri kesho, na nilivyopandwa na mzuka nikasimama kabisa, nikajipiga kifua: "Kwa mfano, mzee, mimi hapa nikisema I hereby marry Somoe, basi nimeshamuoa."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akapiga kigelegele (mpaka leo sijui alikosea au alikusudia), na Shaibu akaniangalia kama hanijui.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "ndoa kwetu haina mzaha. Umetamka, na mashahidi hawa wapo. Bahati yako mimi sijasema nimekubali." Akaikunja barua, akamrudishia Shaibu. "Kalete nyingine, mwanangu. Na mshenga mwingine."

Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa nimemkosesha mwenzangu mke. Wiki mbili hakupokea simu yangu.

Posa ya pili aliipeleka baba mdogo wa Shaibu, ikakubaliwa. Harusini mimi nilipewa kazi ya kugawa maji, nikagawa bila kufungua mdomo, na nimeapa posa yoyote nitakayoalikwa nitakwenda kula tu, barua waandike wengine. Nilipomfikia bibi harusi akapokea chupa, akasema kwa sauti ambayo mke wangu aliisikia vizuri sana, "Asante, mume wangu wa kwanza."

Shaibu akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akanivuta nikae karibu yake.