Nyumba ya Mama Agnesi wa Mnyambe ilijengwa kwa kopo za maji, na mimi ndiye niliyeyasahau

Habari zenu wakuu. Hii siyo chai. Nilikuwepo mwenyewe, na aibu iliyomo humu ni yangu.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kazi imenileta Masasi, kwenye kikundi kidogo kinachosaidia watu wasio na makazi. Sisi tunatoa saruji, mabati na fundi. Kijiji kinatoa kiwanja na nguvukazi.

Mwaka jana likaja ombi la Mama Agnesi, mjane wa kitongoji kimoja huko Mnyambe, Newala. Nyumba yake ya udongo ilianguka kwa mvua. Tangu hapo analala kwenye baraza la kanisa.

Kila asubuhi anakunja mkeka wake, kisha anafagia baraza lote, asije mtu akasema anachafua. Iliniuma.

Bosi akatoa sharti: kuta zisimame kabla ya mvua, la sivyo mabati yanahamishiwa kwa mwombaji mwingine. Maana yake mama wa watu angelala barazani msimu wa pili.

Nikapanda na lori kifua mbele. Fundi akafyatua tofali za saruji kwa maji ya pipa ambalo husafiri nalo siku zote. Nikaacha maagizo: mwagilieni asubuhi na jioni, siku saba. Nikarudi zangu Masasi.

Siku ya nane nafika na bodaboda. Tofali zimekauka, zina nyufa. Nashika moja, inamomonyoka kama biskuti.

Nikapandisha hasira. Mbele ya akina mama waliokuwa wanatoka kuokota korosho, nikasema watu wa huku hawapendi maendeleo. Najuta mpaka leo.

Mama Zainabu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akatua kapu lake. Wala hakupaza sauti.

"Baba, umeshaamkia lakini?"

Sikuwa nimeamkia. Shikamoo ikanitoka kwa taabu.

"Marahaba. Sasa sikiliza, baba. Bomba limekauka. Ndoo moja tunaifuata bondeni, kushuka na kupanda, asubuhi yote imeisha. Mama Agnesi kamwagilia tofali zako kwa ndoo yake mwenyewe siku nne, hata kuoga hakuoga. Ulituuliza kiwanja. Ulituuliza watu wa kubeba. Maji ulimuuliza nani?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu Bukoba mvua haihitaji mwaliko, kwa hiyo haikunijia kabisa kichwani kwamba saruji inaweza kufika mahali maji yasifike.

Nikaomba radhi palepale, kwanza kwa Mama Agnesi. Nikambembeleza bosi atoe saruji nyingine. Akatoa, ila sharti likabaki lilelile.

Mama Zainabu akaweka utaratibu. Kila anayepanda kutoka bondeni apitie saiti, amimine kopo moja kwenye pipa, ndipo aende kwake. Si ndoo nzima, kopo moja tu.

Wakapita wa kanisani, wakapita wa msikitini. Walimu wageni kama mimi, ambao maji wanauziwa, nao wakaleta. Wanasema haba na haba hujaza kibaba. Huku nimeiona ikijaza pipa.

Nami nikashuka bondeni na ndoo. Nilipofika juu imebaki nusu, shati limelowa chapachapa.

"Baba, umetuletea maji au umeyaoga?" Mama Zainabu akauliza. Walicheka hao!

Kuta zikasimama, mabati yakapanda. Mvua ya kwanza ilimkuta Mama Agnesi ndani kwake. Nilijivunia watu wale kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Mama Agnesi alimwomba fundi kitu kimoja tu: mfereji wa bati pembeni mwa paa, na pipa chini yake.

Mwaka huu mvua zilipokwisha tukaanza nyumba ya Baba Saidi, mzee aliyekuwa anaishi kwenye banda la korosho. Siku ya msingi, wa kwanza kufika alikuwa Mama Agnesi, ndoo kichwani, imejaa mpaka juu.

Mama Zainabu akamkumbusha kwamba mchango ni kopo moja.

"Haya ni ya paa langu," akasema, akamimina ndoo nzima.

Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Siku hizi nikifika kijiji chochote naamkia kwanza, halafu nauliza wanakosa nini, kabla sijasema nimeleta nini.

Ninyi mliowahi kupeleka msaada mahali, mlisahau kitu gani? Semeni bila kuona haya, mimi nimeshaanza. Na watu wa Newala mkitaka kunicheka, nimestahili.