Gia Boksi Juu ya Meza ya Mama

Siku tuliyomzika kaka yangu, mume wa dada yetu alisimama kando ya kaburi, akavua kofia, akasema: "Marehemu alikuwa mtu wangu. Hata gia boksi ya pikapu ile pale tuliifunga sisi wawili, bega kwa bega."

Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mama alitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika udongo mkononi, na Mungu anisamehe, kwa muda ule sikutaka kuutupa kaburini. Nilitaka kuutupa kwingine.

Ndugu zetu walio mbali, ambao hawakuwahi mazishi, wameniomba niwaandikie habari za kaka. Nitaandika habari moja tu, ya gia boksi hiyo, kwa sababu ndani yake yumo mzima.

Kaka alikuwa fundi saa. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na ukuta wa posta, na akinyoosha mikono aligusa pande zote mbili. Watu walimwita Sekunde. Mguu wake wa kushoto ulikauka akiwa na miaka minne, akatembea kwa gongo maisha yake yote. Makaburini walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Mteja aliyekaa mwezi mzima bila kufuata saa yake aliambiwa mbele za watu, "Kumbe saa ulitaka ya nini, wewe?" Mama mwenyewe alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amekunja uso, na mkunga alimwomba radhi.

Pikapu ilikuwa ya baba. Aliinunua ikiwa kuukuu tayari, baada ya kuzunguka miezi mingi akitafuta ya otomatiki, kwa kuwa otomatiki haina klachi ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Baba alipokuwa kitandani mara ya mwisho alitwambia sote, "Pikapu ni ya huyu. Nyie wengine mna miguu." Basi kaka akawa anaendesha. Hakukuwa na gari lingine mtaani ambalo angeweza kuliendesha, na barabarani ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyemwonea huruma. Huruma aliichukia kuliko matusi.

Miaka mitano baada ya baba kufariki, gia boksi ikafa. Injini ililia kwa nguvu zake zote na gari halikusogea hata unyayo. Likasimama uani chini ya kamba ya nguo kwa miezi minane, kuku wakaanza kutaga chini ya usukani.

Shemeji ana gereji na gari la kukokota magari mabovu. Alikuwa na mteja anayetafuta injini ya aina hiyohiyo. Siku moja alikuja akalizunguka lile gari mara mbili, akapiga bodi kwa kiganja.

"Mama, hili si gari tena. Hili ni banda la kuku lenye namba ya usajili. Niruhusu nilivute."

"La mwenyewe huyo hapo," mama akajibu.

"Mwenyewe atafanya nini nalo? Gia boksi ya otomatiki mimi mwenyewe siifungui, naagiza nzima. Au Sekunde ataitengeneza kwa kile kibano chake cha kunyolea nyusi?"

Kaka alikuwa ameketi mlangoni. Akasema, "Nitaitengeneza."

Shemeji alicheka hadi akashika kiuno. Mama alikuwa amechoka na kelele za watu hao wawili, zilizokuwa zimeanza tangu siku ya posa ya dada. Akakata maneno: "Wiki tatu. Jumamosi ya tatu, saa kumi jioni. Likiwa halijatoka kwenye geti hili kwa nguvu zake, lichukue, na mtu asinililie."

"Saa kumi kamili," kaka akasema.

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea, alikuja na mnyororo na jeki, yeye na kaka wakaishusha gia boksi, tukaibeba watu wanne hadi juu ya meza ya kulia chakula. Kuanzia hapo tulikula tukipakata sahani. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi na yalinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Kaka alitandika karatasi nyeupe meza nzima. Kila kipande alichokitoa alikilaza juu ya karatasi, akakizungushia penseli, akaandika namba ubavuni. Alifanya hivyo kwa saa za watu, na alifanya hivyo kwa lile dude. Kulikuwa na gololi ndogo za chuma kama punje za pilipili manga, zinazokaa ndani ya vijia vya mafuta, na yeye alizitoa kwa kibano, lenzi ikiwa jichoni, bila kupoteza hata moja. Mimi nilishika sinia na taa, na kazi yangu nyingine ilikuwa kutukanwa.

"Usipumulie hapo."

"Kaka, nisipumue?"

"Pumua kule jikoni."

Ugonjwa wenyewe ulionekana wazi. Ndani ya gia boksi ile mna pleti za duara zilizopangwa kama sahani, zingine za chuma tupu, zingine zimevishwa utando unaofanana na karatasi ngumu. Zikibanana ndipo gari huvuta. Zetu zilikuwa zimeungua zikabaki nyeusi, laini kama ganda la ndizi. Kaka akaagiza pleti mpya na sili zake, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zikafika Jumatatu ya wiki ya tatu.

Jioni nyingi shemeji alikuja kukaa kwenye kochi letu. Hakuja kusaidia. Alikuja kula karanga na kutupa maneno.

"Sekunde, ukimaliza utaifunga mkononi au utaitundika ukutani?"

"Maganda usiyatupe chini, shemeji. Kwako hakuna sakafu?"

"Kwangu kuna mafundi."

"Wanaoagiza nzima."

Jumanne kaka alizifunga pleti mpya. Hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yaligeukia hapa. Fundi saa anaogopa mafuta. Saa ikipata mafuta mengi inanata na kusimama, kwa hiyo yeye huchovya ncha ya sindano na kugusa mahali panapohusika, basi. Kaka alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na mbili. Akazifuta zile pleti kwa kitambaa safi, akachovya sindano yake ndefu kwenye mafuta mekundu ya gia boksi, akagusa kila pleti sehemu nne, akazipanga ndani. Kwa jinsi alivyofanya kwa uzuri, ungesema anavisha mtoto nguo za ibada.

Shemeji alikuwa katikati ya sentensi. Akanyamaza. Akatazama mikono ya kaka, akatafuna karanga moja taratibu sana, halafu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Endelea, fundi. Unakwenda vizuri."

Tangu hapo akawa sukari. Alimuaga mama mara mbili. Jumatano alileta mkate. Alhamisi akasema vijana wake wa gereji watakuja Ijumaa kuipandisha gia boksi chini ya gari, kaka asihangaike na mguu wake. Mimi roho ilikataa. Lakini usiku huo nilipiga magoti nikatubu kwa kumdhania mtu vibaya wakati anatenda wema. Nilitubu kwa machozi. Hadi leo najihisi mjinga nikikumbuka.

Ijumaa mchana walikuja: shemeji, vijana watatu, na dada akiwa na kikapu. Gia boksi ilikuwa imefungwa yote, imefutwa, inang'aa juu ya meza. Dada aliniita jikoni. Akafungua bomba la maji likawa linamwagika bure.

"Zile pleti mpya alizilowesha?"

"Alizipaka mafuta."

"Sijauliza kupaka. Zinatakiwa zilale kwenye mafuta, zinywe hadi zishibe, ndipo zifungwe. Zikifungwa kavu zinaungua siku hiyohiyo."

"Nani kakwambia?"

Dada akatazama maji. "Tangu Jumanne kuna mtu anacheka peke yake kitandani kwangu. Anasema halitafika kona."

"Umekaa nayo tangu Jumanne?"

"Mdogo wangu, nina ndoa."

Nilitoka nikawakuta vijana wameshaishika gia boksi, wanahesabu moja, mbili.

"Iacheni!" nikasema. "Kaka, pleti hazikuloweshwa. Zinatakiwa zilale kwenye mafuta kwanza, ndipo zifungwe. Na shemeji alikuona Jumanne, anajua."

Tukasikia bomba la jikoni. Kaka akamgeukia shemeji. Nilidhani atampiga kwa gongo, na Mungu anajua nusu yangu ilingoja.

"Ulijua?"

Shemeji akajikung'uta maganda ya karanga kifuani. "Hukuniuliza."

"Mtu anaangalia mwenzake anaingia shimoni..." mama alianza.

"Mama, mimi nilikaa kwenye kochi. Fundi ni yeye. Kazi ya fundi siiingilii."

Kaka alikaa kitini pole pole. Nilimwona akiipiga hesabu kichwani: sindano, kitambaa, zile sehemu nne. Kosa lilikuwa lake na lilitoka mahali pazuri kabisa pa ufundi wake, na hilo lilimuuma kuliko cheko la shemeji.

"Kweli," akasema. "Sikumwuliza. Vijana, irudisheni mezani mwende."

Shemeji alisimama. "Kesho saa kumi, Sekunde. Tulikubaliana." Akamwangalia mke wake. "Twende."

Dada alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono inachuruzika maji. "Nitabaki," akasema. "Mama anahitaji mtu wa kumpikia, meza imejaa vyuma." Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatoka bila kuaga.

Mlango ulipofungwa kaka alinigeukia mimi. "Na wewe uliyeshika sinia, ulikuwa unatazama nini?" Hivyo ndivyo alivyonishukuru.

Aliifungua upya mchana ule, akifuata penseli zake. Bila zile karatasi tungekuwa tumekwisha. Kabla jua halijazama pleti zote zilikuwa zimelala kwenye beseni la kufulia la mama, ndani ya mafuta mekundu, na sisi tukaenda kulala. Asubuhi alizitoa moja moja. Zilikuwa nzito na zinateleza. Kaka alinusa moja, akasema, "Zimeshiba," akaanza kufunga.

Hatukupata chakula cha mchana. Jirani alikuja na mnyororo wake, tukaipandisha saa nane, kaka akiwa chali chini ya gari, mguu wake mbovu umenyooshwa kando kama kitu cha mtu mwingine. Dada alipitisha spana. Mimi nilimimina mafuta kwa mpira. Saa kumi ikiwa inakaribia tukasikia gari la kukokota. Shemeji aliliegesha likaziba geti lote, akateremsha ndoano, akaegemea mlango.

Kaka alijivuta kutoka chini, uso mweusi. "Saa ngapi?"

Shemeji akatazama mkono wake. "Kumi kasoro dakika tatu."

"Hiyo yako inachelewa dakika moja. Nilikwambia uilete."

Akapanda. Mama akaanza kusali kwa sauti, hana aibu mama. Injini ikawaka mara ya pili. Kaka akasukuma gia. Gari halikusogea. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Shemeji akaanza kuvuta mnyororo wa ndoano kuelekea kwetu, chuma kinaburuzika kwenye sementi. Kaka hakukanyaga moto kulilazimisha. Alikaa tu, mkono kwenye gia, kichwa kimeinama, anasikiliza kama anavyosikiliza saa. Kisha mafuta yakafika yalikokuwa yanakwenda, gari likatikisika kidogo, likaanza kutembea. Kuku waliruka. Likaenda hadi likagusana pua na gari la shemeji.

"Toa hiyo takataka getini," kaka akasema dirishani.

"Hatua kumi si kutembea."

Mama akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda, akakalia khanga yake vizuri. "Baba, sogeza gari lako. Nataka kutoka na mwanangu."

Shemeji alisogeza. Walipanda mlima wa tangi la maji, wakarudi baada ya saa nzima. Kaka aliuliza kama kuna chakula. Baada ya siku ile hawakusemezana na shemeji kwa miaka minne zaidi ya salamu. Simtetei kaka kwa hilo. Nilimsihi asamehe, akanijibu, "Hajaniomba." Amekwenda nalo mbele za Mungu, na namwombea.

Mwaka uliofuata alinifundisha kuendesha, kwa matusi. Jambo moja alilirudia kuliko yote: gia boksi ikiwa imelala kwenye baridi, ukiweka gia ngoja. Usikanyage. Inavuta pumzi kwanza.

Asubuhi ya mazishi jeneza lake lilipakiwa nyuma ya pikapu. Nilikuwa nimeshapanda shemeji alipokuja akashika mlango, akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo, shemeji. Hii si kazi ya mwanamke aliyefiwa. Halafu gari hili nalijua, niliona likifungwa."

"Uliona," nikamwambia. "Najua uliona."

Sikumpa. Niliwasha, nikaweka gia. Gari halikusogea. Mkono wake bado ulikuwa mlangoni na uso wake ulianza kile kicheko cha siku zile. Nikahesabu moja, mbili, tatu, bila kukanyaga. Ikashika, akaondoa mkono.