Chapati Niliyomlisha Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alipofika miaka mitatu alikuwa na tumbo kubwa, miguu myembamba, na kuhara kusikokwisha. Kwetu mjini Mwanza, mtoto akiwa hivyo watu hawaulizi anaumwa nini. Wanasema amebemendwa, yaani wazazi wake hawakuvumilia, walirudiana kitandani angali ananyonya. Aibu hiyo nikaibeba peke yangu, maana baba yake hakuna aliyemnyooshea kidole. Nilikuwa namfunika mtoto kwa khanga hata jua likichoma, na nikikutana na mtu mzima njiani natupa shikamoo na kupita kabla marahaba haijamtoka mdomoni.

Na tulikuwa tumevumilia, wallahi! Lakini jambo kama hilo utamwambia nani? Usimame sokoni utangaze?

Alipotimiza miaka mitano tulimpata daktari mmoja, Mzungu kijana, asiyependa maneno mengi. Akamlaza hospitalini, akamnyima ngano, akaagiza apewe wali na ndizi, akawa anamwangalia tu. Wiki ya tatu mtoto akaanza kucheka. Daktari akatuambia kwamba utumbo wa binti yetu haupatani na ngano, na utakuwa hivyo maisha yake yote.

"Hata andazi moja?" mume wangu akauliza.

"Hata kipande."

Tukatazamana. Mume wangu alikuwa na hoteli ndogo karibu na bandari, ya chai, maandazi na chapati, na sisi tuliishi uani, nyuma ya hoteli hiyo hiyo. Unga wa ngano ulikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, kwenye mito ya kulalia.

Basi tukaanza maisha mapya. Mume wangu akitoka kukanda alivua shati, akanawa mpaka viwikoni, ndipo ambebe binti yake. Mimi nikamtengea mtoto sufuria yake na chuma chake cha vitumbua vya unga wa mchele, na ole wake ambaye angekigusa na mkono wenye ngano. Mama yangu akawa ananiletea kutoka Misungwi unga wa mtama na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Mtoto akanawiri, mashavu yakajaa.

Ungedhani ningeshukuru. Nilikuwa nashukuru, ila mgeni akibisha hodi nasukuma michembe chini ya kitanda. Nilikuwa nimeolewa mjini, nanywa chai ya maziwa, najiona nimeshaachana na vyakula vya shamba, na sasa mwanangu analishwa vitu ambavyo wifi zangu waliviona vya mwaka wa njaa. Mtoto mwenyewe hakuona haya. Majirani wakimpa andazi aliweka mikono nyuma, akasema, "Asante, mimi ngano inaniumiza." Alikuwa na miaka sita.

Ikaja Idi, mwaka ambao pale hotelini watu hawakuzungumza jambo jingine ila Uhuru. Mume wangu alibaki na wateja wake, mimi na binti yangu tukavuka ziwa kwenda Kamanga kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nyumba ilijaa wanawake. Tukaketi mkekani, sinia likaletwa, chapati zimepangwa mpaka juu na mchuzi wa kuku katikati. Nikatoa kifurushi changu taratibu, nimpe mtoto michembe yake bila kuonekana. Lakini nani angeweza kujificha mbele ya wifi yangu!

"Ala! Wifi, leo sikukuu, mtoto wa kaka yangu anakula michembe?"

Wakacheka. Mmoja, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akasema, "Mwacheni. Si ndiye yule aliyebemendwa?"

Uso ukaniwaka moto. Ningeweza kusema daktari amekataza. Ni maneno mawili tu, na mtoto wa miaka sita alikuwa anayasema kila siku. Mimi nikachukua chapati, nikaikunja, nikamtia mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii ni ngano."

Nikamfinya paja. "Kula. Usiniaibishe mbele za watu."

Akala. Alitafuna polepole huku ananitazama usoni. Wifi akafurahi, akampa ya pili, akasema, "Mnaona? Hana lolote, mama yake anamdekeza tu." Na hapa sitajificha, nimeshazeeka: mimi nami nilifurahi. Nilikaa pale mkekani na mwanangu mwenye mashavu, anayekula kama watoto wa wenzangu, na wala sikumwambia aache.

Alianza kutapika kabla hatujafika ng'ambo ya Mwanza. Siku ya nne alikuwa hawezi kusimama, macho yameingia ndani, tukamrudisha hospitali ndani ya khanga ile ile niliyokuwa namfichia zamani. Usiku na mchana sikula. Wakamtia maji kwa sindano, na alipopata nguvu kidogo daktari akasimama kando ya kitanda, mume wangu upande wa pili.

"Amekula ngano," daktari akasema. "Nani amempa?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Lakini mume wangu alikuwa ananitazama, na muuguzi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wamegeuza shingo.

"Niliiba," mtoto akasema. "Mama hakuniona."

Daktari akatikisa kichwa. Mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kumkaripia, akamwambia, "Mwanangu, tumekukataza mara ngapi? Unataka kufa?"

"Nisamehe, baba."

Nilikuwa nimeinama, nanyoosha shuka lisilokuwa na mkunjo. Mtoto akanigusa mkono. Nikainua uso, nikamwambia daktari, "Nitamwonya. Hatarudia tena."