Nilimdanganya mama Kasongo sokoni Kikula

Leo nimejichukia, wenzangu, mpaka mate yamekuwa machungu.

Nilikuwa sokoni Kikula asubuhi, nimevaa abakosti, ile suti ya baba isiyo na tai, diploma kwapani. Hutoka kwetu mtaa wa Panda hivyo kila siku, majirani wakidhani naenda kazini. Mwaka wa tatu huu sina kazi.

Mama Kasongo akanishika mkono. Nilisoma na Kasongo, mtoto wake.

“Weye unatumika kazi kule kiwanda cha Shituru na Kasongo, sivyo? Anasema iko mu staji, anajifunza kazi, bado hawamulipe.”

Staji gani! Kasongo hushinda stesheni, benchi moja na mimi. Hatusemeshani. Kila mmoja anajifanya anangoja treni.

Nikajibu, “Ndiyo mama, tuko pamoja.”

Akanisogelea.

“Basi niambie, mutoto yangu. Hakule, halale. Juzi nilimukuta anaambia ukuta: miye ni bure, miye ni bure. Kule kazini wanamufanya nini?”

Na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani!

“Ni kazi mingi tu, mama.”

Akanibariki.

Nikaenda mbio stesheni, nikamwambia Kasongo kila kitu. Akafunika uso, akalia mbele za watu. Kisha tukaenda kwao, tukamngoja mama yake arudi kutoka sokoni, na Kasongo mwenyewe akamwambia kwamba hana kazi.

Mama hakufoka. Alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu, halafu akanigeukia mimi.

“Na weye? Mama yako anajua?”

Naandika haya nikiwa nje ya mlango wetu. Ninyi mliosema ukweli nyumbani, mlianzia wapi?